Kamba, Kigingi na Kuba

Nilifundisha hisabati katika shule za bonde la Kilombero hadi nikastaafu, na baba yangu alikuwa mwashi. Ndiyo maana nikiingia kanisani, liwe la Ifakara, la Kwiro kule Mahenge au kigango cha tofali za kuchoma huku kwetu Mofu, jicho langu hutangulia kwenye kona. Nautazama ukuta unavyokutana na mwenzake, tao la mlango, na kenchi zilivyokaa juu ya mtambaapanya. Baba alinizoeza hivyo tangu nilipokuwa mtoto nikimbebea maji ya kuchanganyia udongo, na shule ikaja baadaye kunieleza sababu za yale niliyoyaona mikononi mwake.

Watu wa hapa ukiwauliza nani alileta ufundi wa kujenga makanisa, watakujibu bila kusita: wamisionari. Ni kweli. Wabenediktini kutoka Ujerumani waliingia Mahenge mwanzoni mwa karne ya 20, Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa, na mwaka 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakafika nchini kuchukua nafasi yao. Pamoja na mapadre walikuwapo mabruda waliojua mbao, chuma na mawe, na vijana wa bonde hili wakajifunza kazi kwao. Baba alikuwa mmojawapo. Lakini bruda naye alifundishwa, na aliyemfundisha alifundishwa. Nimejaribu kuufuata mlolongo huo kwa kusoma kila nilichokipata, na mwisho wake hauko Uswisi wala Roma. Uko Alexandria, nchini Misri, katika bara letu hili.

Nianze na kazi yenyewe, kwa kuwa jiometri ya kanisa huanzia ardhini. Kiangazi kimoja, maji ya masika yalipokwisha kuondoka mbugani na udongo mweusi ukaanza kupasuka, waumini wa kigango jirani waliniita nishuhudie fundi wao akiseti msingi. Jengo lilikuwa dogo: upana mita 9, urefu mita 12, na nyuma ya madhabahu nusu duara. Fundi alipigilia vigingi viwili vya mbele akavuta uzi kati yake. Kutoka kigingi cha kushoto akapima mita 3 juu ya uzi, akatia alama ya mkaa. Akavuta uzi wa pili kuelekea nyuma, akatia alama kwenye mita 4. Kisha akamwagiza kijana ausogeze uzi wa pili taratibu, kulia, kushoto, mpaka tepu kati ya alama mbili isome mita 5 kamili. "Hapo hapo, shika!" Kona ikawa skwea.

Kona nne zilipokamilika wakapima kona kwa kona. Ulalo mmoja ulitoa mita 15 kamili, wa pili ukatoa 15 na sentimita 4. Fundi hakubishana na tepu. Alikiendea kigingi cha nyuma upande wa kulia, akakigonga kwa ubavu wa nyundo, wakapima tena, akakigonga tena, hadi namba zikalingana. Hesabu yake ni hii: 9 mara 9 ni 81, 12 mara 12 ni 144, jumla 225, na 225 ni 15 mara 15. Fundi yule hakuhitaji niikokotoe. Anajua kwamba jengo la 9 kwa 12 lazima litoe 15, na anajua kinacholipata jengo lisilotoa: kenchi zinakwenda upande na bati la mwisho linakatwa mshazari. Baada ya hapo akapigilia kigingi katikati ya mstari wa ukuta wa nyuma, akafunga uzi wa mita 2 na nusu, akashika kijiti kwenye ncha ya pili, akazunguka akichora ardhini, na kijana akamfuata akimwaga majivu juu ya mchoro. Nusu duara ya patakatifu ikawa tayari.

Uzi ulionyooka ni rula. Uzi uliofungwa kwenye kigingi ni bikari. Na hivyo viwili, rula isiyo na vipimo na bikari, ndivyo vyombo pekee ambavyo Euclid alijiruhusu kuvitumia alipoandika vitabu vyake 13 huko Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Jambo la kwanza kabisa analolijenga humo ni pembetatu yenye pande sawa: unachora duara kutoka ncha moja ya mstari, unachora jingine kutoka ncha ya pili, unaunganisha pale yanapokatana. Mwashi yeyote anaweza kulifanya kwa uzi mmoja na vigingi viwili. Kanuni tunayoiita ya Pythagoras imewekwa karibu na mwisho wa kitabu cha kwanza, ikiwa na uthibitisho wake. Wababeli walizijua namba za aina ya 3, 4 na 5 zaidi ya miaka elfu moja kabla yake. Wagiriki waliongeza swali la kwa nini, wakalijibu hatua kwa hatua bila kuacha upenyo.

Uthibitisho huo ulishukaje mikononi mwa wajenzi? Vitruvius, Mrumi wa karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliandika kwamba fundi achukue mbao tatu zilizonyooka, za futi 3, 4 na 5, aziunganishe ncha kwa ncha, naye atapata skwea ya uhakika. Lakini mtu ninayempenda zaidi katika habari hii ni Heron wa Alexandria, aliyeishi katika karne ya kwanza baada ya Kristo. Heron aliandika kwa ajili ya wenye kazi mikononi. Alieleza namna ya kupata eneo la shamba lenye umbo gumu na ujazo wa vitu vya mviringo, na aliandika hata juu ya dari za matao. Mahali ambapo hesabu haitoi namba kamili, alitoa namba ya karibu inayotosha kazi.

Wagiriki walikuwa na jedwali zuri kwa shida hiyo, nalo limehifadhiwa na Theon wa Smyrna, mwandishi wa karne ya pili. Ulalo wa mraba haulingani na upande wake kwa namba yoyote nzima. Sasa tazama: upande ukiwa 5, chukua ulalo 7. Upande ukiwa 12, chukua 17. Ukiwa 29, chukua 41. Ukiwa 70, chukua 99. Kila hatua inakaribia ukweli zaidi. Hakiki mwenyewe hatua ya pili: 144 na 144 ni 288, na 17 mara 17 ni 289. Umekosea kwa moja tu. Niliwapa wanafunzi wangu jedwali hili kila mwaka, na kila mwaka alikuwapo mmoja aliyegundua peke yake jinsi namba zinavyozaana.

Basi tufike Konstantinopoli. Mwezi Januari 532 wananchi wa mji huo walifanya ghasia, wakachoma kanisa kuu. Mfalme Justinian hakungoja. Mwezi uliofuata ujenzi mpya ulianza, na tarehe 27 Desemba 537 kanisa la Hagia Sophia likafunguliwa. Aliowakabidhi kazi hawakuwa waashi wa kawaida. Anthemius wa Tralles na Isidore wa Mileto walikuwa wanajiometri. Anthemius aliandika juu ya vioo vya kukusanya miale ya jua, na katika maandishi yake imo njia ya kuchora duaradufu kwa uzi uliozungushwa kwenye vitovu viwili. Uzi na vigingi tena! Isidore alishughulikia vitabu vya Archimedes, akaandika ufafanuzi juu ya kile kitabu cha Heron cha dari za matao. Kwa hiyo Hagia Sophia ilijengwa na watu waliokuwa na vitabu vya Alexandria mezani.

Shida waliyokabili ni ya kila mtu anayetaka kuweka kuba juu ya chumba cha pembe nne: duara halikai juu ya mraba. Pembe zinabaki wazi. Nilipokuwa nikifundisha jambo hili nilikuwa naingia darasani na chungwa. Likate nusu, uilaze nusu hiyo kifudifudi. Kata pande nne kwa kisu kilichosimama wima, ubaki na kitako cha mraba. Kila upande uliokatwa sasa una umbo la tao. Kisha kata juu, kwa mlalo, kisu kikigusa vilele vya matao yote manne. Juu utaona duara kamili, na kati ya tao na tao utaona pembetatu nne zilizopinda zinazoteremka hadi kwenye pembe za mraba. Pembetatu hizo ndizo zinazobeba kuba na kuushusha uzito wake kwenye nguzo nne. Jiometri yake ni safi: tufe lililozaa pembetatu hizo lina kipenyo sawa na ulalo wa mraba, na duara la juu lina kipenyo sawa na upande wake. Katika Hagia Sophia upande huo ni kama mita 31, na kuna madirisha 40 yaliyopangwa kuzunguka kitako cha kuba.

Wajenzi walikuwa wametangulia kutumia pembetatu za namna hiyo katika majengo madogo. Kuzipandisha kwa ukubwa ule ndiko kulikokuwa kupya, nako kulikuwa na gharama. Walijenga upesi mno. Viungo vya chokaa vilikuwa vinene, havikupata muda wa kukauka, na nguzo zilianza kuinama kwenda nje kabla hata kazi haijaisha. Kuba la kwanza lilikuwa limelala mno, likisukuma kuta zaidi ya kuzikalia. Matetemeko yalipolitikisa, mwezi Mei 558 likaanguka. Isidore mwingine, ndugu wa yule wa kwanza kwa ukoo, alilijenga upya akaliinua kwa kama mita 6 zaidi, na mwaka 562 kanisa likafunguliwa tena. Sehemu za kuba zilianguka tena mwaka 989 na 1346, zikarudishwa. Somo ninalolichukua hapo ni la mwalimu aliyelelewa na mwashi: Euclid alikuambia duara litakaa wapi, hakukuambia chokaa itakauka lini. Jengo linataka elimu zote mbili, na hakuna hata moja iliyo ndogo.

Kwa nini niseme mambo ya Konstantinopoli nikiwa Mofu? Kwa sababu elimu hii ilipita kwenye bara letu mapema, na ilipita ikiwa hai. Katika karne ya 4 mfalme Ezana wa Aksum aliandika ushindi wake kwa Kigeezi na pia kwa Kigiriki, na askofu wa kwanza wa nchi yake, Frumentius, aliwekwa wakfu Alexandria na Athanasius. Huko Adulis, bandari ya Aksum kwenye pwani ya Eritrea ya leo, wachimbaji wamepata vipande vya marumaru vya uzio wa madhabahu vilivyochongwa kwenye machimbo ya jirani na Konstantinopoli. Maana yake kanisa la Afrika lilipokea mawe yaliyopimwa na kukatwa huko, yakasafirishwa kwa meli, yakakaa mahali pake.

Karibu mwaka 525 mfanyabiashara wa Alexandria anayeitwa Kosmas alipita Adulis. Baadaye aliandika kitabu kutetea kwamba dunia ni bapa na ulimwengu umejengwa kwa umbo la hema la Musa. Habari hiyo hunihuzunisha, kwani ni katika mji huohuo, miaka zaidi ya 700 kabla yake, ambapo Eratosthenes aliukokotoa mzunguko wa dunia kwa kupima kivuli. Ila Alexandria haikunyamaza. Mkristo mwenzake wa wakati uleule, John Philoponus, aliandika kutetea dunia ya mviringo. Asituambie mtu kwamba imani na jiometri haviwezi kukaa benchi moja.

Kusini mwa Misri, Wanubi walipokea Ukristo katika karne ya 6, wakatumia Kigiriki katika ibada kwa mamia ya miaka. Kanisa kuu la Faras lilijengwa upya na Askofu Paulos mwaka 707. Wanubi walikuwa na ufundi unaonigusa zaidi ya Hagia Sophia yenyewe: walijenga dari la tao kwa tofali za udongo bila mbao ya kulishikilia. Wanaegemeza tao la kwanza kwenye ukuta wa mwisho, tofali zikiwa zimelala kidogo, tao la pili linaegemea la kwanza, na kuendelea hadi chumba kifunikwe. Ufundi huo ulikuwapo katika bonde la Nile muda mrefu kabla ya Euclid. Kwa hiyo kanisa la Nubia lilikuwa na mizizi miwili, wa Wagiriki na wa Waafrika wenyewe.

Ulaya ya magharibi wakati huo ilikuwa na hali ngumu. Boethius alikuwa amemtafsiri Euclid kwa Kilatini yapata mwaka 500, lakini vilivyosalia mikononi mwa watawa vilikuwa vipande, na thibitisho nyingi zilipotea. Kamba haikupotea. Mfalme Charlemagne alipojenga kanisa la kasri lake huko Aachen, lililowekwa wakfu yapata mwaka 805, alilipa umbo la pembenane katikati, likifuata mfano wa makanisa ya Wabizanti, watu wa dola ya Konstantinopoli, kama San Vitale la Ravenna. Pembenane si ngumu kwa mwenye uzi. Chora mraba, uone katikati yake, pima kutoka kona hadi katikati, kisha kwa urefu huo zungusha uzi kutoka kila kona na utie alama unapokata pande. Alama nane hizo ndizo pembe zako. Wanafunzi wangu walikuwa wanaichora kwenye uwanja wa mpira kabla ya kengele ya mapumziko.

Karibu na mwaka 825 watawa walichora ramani ya monasteri nzima kwenye ngozi, na ramani hiyo iko hadi leo huko St. Gallen, Uswisi, nchi ya mabruda wetu. Maandishi juu yake yanataja upana wa ukumbi wa kati wa kanisa kuwa futi 40, na wa kila ubavu futi 20. Nusu kwa nusu. Ni mpangilio ambao Mkapuchini wa mwaka 1930 angeutambua, na ambao baba yangu aliutumia bila kuambiwa umetoka wapi.

Kuna njia ya pili, nayo ilifika Tanzania kabla ya misioni. Euclid alitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809. Ulaya yenyewe ilimrudia Euclid kamili kupitia Kiarabu, Adelard wa Bath alipomtafsiri yapata 1120. Na Kilwa Kisiwani, katika kasri la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, kuna birika la kuogea lenye pembe nane. Msikiti Mkuu wa Kilwa una kuba na matao. Pembenane ya Aachen na pembenane ya Kilwa ni watoto wa nyumba moja ya elimu, mmoja akalelewa kanisani na mwingine katika nchi za Kiislamu. Zanzibar nayo ina Kanisa Kuu la Kianglikana alilolijenga Askofu Edward Steere palipokuwa na soko la watumwa, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi 1873. Aliliezeka kwa dari la tao, kwa saruji iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na dari hilo limesimama.

Kwetu bondeni hatuna kuba la namna hiyo. Tuna kuta za tofali, matao ya milango na madirisha, na nusu duara za patakatifu zilizochorwa kwa uzi. Ni majengo ya kiasi, na yanazeeka. Waumini wanaongezeka, parokia zinataka nafasi, na tangu Jimbo la Ifakara lilipoundwa mwaka 2012 ujenzi haujapumzika. Sipingi kujenga. Ninachopinga ni kuvunja jengo la wazee wetu kabla halijapimwa, kwa sababu hesabu waliyoiweka humo haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Imo ndani ya kuta, na kuta zikianguka inakwenda nazo.

Faras inatuonyesha njia. Bwawa la Aswan lilipokuwa likijengwa, ilijulikana kwamba maji yangelifunika kanisa la Askofu Paulos. Kati ya 1961 na 1964 Kazimierz Michałowski na wenzake kutoka Poland walilichimbua mchangani, wakalipima ukuta kwa ukuta, wakalichora, wakabandua zaidi ya picha 120 za ukutani ambazo leo zimegawanywa kati ya Khartoum na Warsaw. Maji yakaja. Kanisa liko chini ya ziwa, lakini mwanafunzi yeyote anaweza kuliona umbo lake na kuhesabu pembe zake.

Kwa hiyo naziomba kamati za ujenzi za parokia na vigango, Mofu na bonde zima: kabla nyundo ya kwanza haijagonga, iteni fundi mmoja mzee na mwalimu mmoja wa hisabati, pamoja na vijana wawili wa kushika tepu. Pimeni urefu, upana na ulalo zote mbili. Pimeni unene wa ukuta, kimo cha kila tao, nusu kipenyo cha patakatifu, na nafasi kati ya nguzo na nguzo. Pimeni na tofali moja. Choreni mpango kwenye karatasi ya miraba, andikeni tarehe, nakala moja ibaki ofisi ya parokia na nyingine shule ya jirani. Kazi hiyo inakwisha kwa siku moja, na mkikosa mwalimu mimi niko Mofu, nitakuja.